Usimpe Kiganja

Chumvi iliisha jioni moja, wakati jua limeshazama na taa za barabarani bado hazijawaka. Nilimwachia mhudumu wangu ukumbi, nikajitupia mtandio begani, nikatoka kwenda dukani. Duka la kona halikuwa mbali. Lakini ili ufike ilibidi upite mbele ya mgahawa wa mdogo wangu, na kwangu mimi hiyo ilikuwa adhabu tosha.

Mgahawa wake unatazamana na wangu. Barabara yenyewe nyembamba, mtu akipiga chafya kwake mimi huku nasikia. Tulimwita Kitinda tangu utoto kwa sababu ndiye wa mwisho kwa mama, na amekuwa mtu mzima na jina lake hilohilo. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kisu. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kupunguza moto chini ya wali. Halafu akaja kufungua mgahawa mbele ya uso wangu, akasema ndiko alikopata chumba. Mji mzima huu, chumba kikapatikana hapo tu.

Jioni ile meza zake zilikuwa zimejaa. Nilijiambia nisiangalie, nikaangalia.

Fundi cherehani alikuwepo. Huyu kwangu alikuwa akitaka chai ya moto isiyounguza, na nikimpa anairudisha, mara imepoa, mara inaunguza, mara kikombe kina harufu ya kikombe. Ng'ambo alikuwa anakunywa tu, kimya, miguu ameinyoosha. Mwalimu mstaafu naye alikuwepo. Kwangu alitaka nyama isiyo na mfupa, na akiletewa anauliza mfupa uko wapi. Kwa Kitinda alikuwa anakwangua ukoko wa wali kwa kijiko na kulamba vidole.

Roho iliniuma. Sina sababu ya kuficha, iliniuma kweli.

"Ana mkono wa mama yake," ndivyo watu walivyokuwa wakisema juu ya Kitinda. Mama yetu alipikia watu maisha yake yote, na hadi leo kuna wazee wakikumbuka maharage yake wanameza mate. Ana mkono wa mama yake. Kwangu hakuna aliyewahi kusema hivyo hata kwa kunidanganya. Mimi waliniita Pilipili, na si kwa sababu ya mapishi. Ni mdomo wangu.

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumzidi. Mama alipopofuka macho, tulimuuliza anataka kukaa na nani. Akasema, "Kwa Mkubwa." Mkubwa ndiye mimi. Kitinda alilia siku ile. Mimi nilikwenda kumtandikia mama kitanda kwenye chumba cha nyuma ya jiko langu, nikacheka peke yangu huku nanyoosha shuka. Wateja achukue. Mama yuko kwangu, na chakula cha mama napika mimi, kwenye sufuria ndogo ya pembeni.

Basi nikawa napita na hasira zangu, ndipo nilipomwona yule mwanamke mlangoni kwa Kitinda.

Alikuwa mrefu, nguo ya kijivu kutoka kichwani hadi kwenye visigino, safi, imenyooka. Alikuwa ameipa mgongo barabara. Kitinda alisimama mbele yake akiwa ameficha mkono wa kulia ndani ya aproni.

"Hicho siwezi kukupa, mama," Kitinda alisema kwa sauti ya chini. "Chakula chukua chote unachotaka. Hicho, hapana. Nenda salama."

Yule mwanamke aligeuka polepole, akanitazama mimi.

Nilisikia harufu ya majivu. Si moshi, majivu, yale yaliyomwagiwa maji.

Mtu mwingine angeogopa. Mimi nilifurahi. Mdogo wangu anafukuza wateja, niliwaza. Amelewa sifa, sasa anachagua nani ale na nani asile. Huyo anayemfukuza nitamchukua mimi, na nitamhudumia mpaka Kitinda atoe macho. Nilinunua chumvi yangu haraka, nikarudi mbio.

Sikumwona akivuka barabara. Lakini nilipoingia ukumbini alikuwa ameshakaa.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni, kile kisichopendwa na mtu kwa sababu ya joto. Mhudumu wangu, ambaye watu walimwita Subiri kwa vile hakuwa na neno jingine kinywani, alikuwa amesimama mbali naye, trei ameikumbatia kifuani.

"Ameagiza?" nilimuuliza.

"Amesema anakungoja wewe." Akanisogelea. "Dada, huyu ameingia saa ngapi? Mimi nilikuwa hapo mlangoni."

"Ungekuwa unaangalia mlango badala ya simu, ungejua."

Nilimpakulia mwenyewe. Wali, mchuzi wa nyama, mboga pembeni, sahani nimeifuta ukingo. Nikampelekea kwa tabasamu langu la wateja wapya. Akachukua tonge dogo. Akatafuna muda mrefu, na nilisikia kutafuna kwake kuliko kelele zote za ukumbi, kwa sababu kulikuwa kukavu, kama mtu anayetafuna mchele mbichi.

"Chumvi imezidi," alisema.

Nikarudi nikapika mchuzi mwingine kidogo kwenye kikaango. Akaonja.

"Chumvi haipo."

Nikameza hasira. Nikapika wa tatu. Akauangalia bila kuugusa.

"Huu umeukoroga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeshika mfuniko."

Ilikuwa kweli. Na kutoka pale alipokaa, jiko langu halionekani.

"Nipe kile mnachokula wenyewe," alisema. Hakuwahi kupandisha sauti, ilikuwa ni kunong'ona tu, ukalazimika kuinama ili umsikie. "Kile ulichokitenga."

Nilichokuwa nimekitenga kilikuwa chakula cha mama, kwenye sufuria ndogo. Nilisita. Halafu kupitia dirishani nikamwona Kitinda, amesimama mlangoni kwake, mikono imefungwa kifuani, anatuangalia. Uso wake ulikuwa na wasiwasi. Mimi niliusoma kuwa ni wivu, na nikaona utamu usio na mfano. Kumbe na yeye anajua kuumia, nilijiambia.

Nikampakulia yule mwanamke nusu ya chakula cha mama.

Alikula. Hakulalamika tena. Alipoondoka nilikwenda kutoa sahani, nikakuta chakula kiko palepale, hakijapungua hata punje. Nilimwaga nje kwenye bati la paka. Paka wetu, mwizi mkubwa asiyekataa hata maganda ya vitunguu, alinusa, akarudi nyuma, akakaa mbali akikitazama. Nikanusa na mimi. Chakula hakikuwa na harufu yoyote, kama vile sijawahi kukipika.

Kesho yake mchana fundi cherehani alivuka barabara, akakaa kwangu, akanywa chai bila neno.

Nilidhani ni bahati. Lakini kila jioni yule mwanamke alipokuja, na kila nilipompa alichotaka, siku ya pili watu walihamia kwangu. Alitaka ale kwenye sahani ya mama, ile ya bati yenye ukingo wa bluu. Nikampa. Mwalimu mstaafu akaja, akala mfupa na nyama, akashukuru. Akataka maji kutoka mtungi wa mama. Nikampa. Wauza viatu wa kona wakaja wote na kelele zao. Akataka mwiko niliokuwa naukorogea, aushike tu, aunuse. Nikampa. Siku iliyofuata ilibidi Subiri aazime viti kwa jirani.

"Dada, mimi yule mama simwelewi," Subiri aliniambia tukiwa tunapanga viti. "Nikipita nyuma yake nasikia baridi. Kiti cha jikoni kile, dada. Baridi."

"Wewe na baridi. Huoni watu walivyojaa?"

"Nawaona. Lakini hawaongei."

Kweli, hawakuwa wakiongea. Walikula. Hata wauza viatu, watu ambao wakiwa wawili tu unadhani kuna harusi. Mimi sikutaka kulifikiria hilo. Nilikuwa nasimama mlangoni kwangu mchana, nimeweka mikono kiunoni, ili Kitinda anione vizuri. Meza zake zilikuwa tupu. Alikuwa akizifuta, anazifuta tena. Na mimi, dada yake, niliyembeba mgongoni, nilitamani azifute hadi rangi itoke.

Kitinda alikuja kwa mlango wa nyuma, jioni moja, kabla yule mwanamke hajafika. Alisimama kizingitini kama mgeni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekosa wa kumpikia, umekuja kupika kwangu?"

Aliangalia kwanza chumba cha mama, akahakikisha mlango umefungwa. Halafu akaninong'oneza.

"Yule mama. Mpe kijiko. Akikuomba kiganja, usimpe."

Hapa sina budi kueleza. Sisi hatuonji kwa kijiko. Mama alitufundisha kudondoshea mchuzi kwenye kiganja cha mkono wa kulia, upoe kidogo, kisha ulambe. Alisema ulimi unajua zaidi ukionja kwenye ngozi. Wapishi wengi wanafanya hivyo. Lakini mama alikuwa na amri nyingine juu ya hiyo, na alikuwa mkali nayo. Kiganja ni chako. Mtu akitaka kuonja, hata akiwa ndugu yako, mpe kijiko. Tulipokuwa wadogo tulimuuliza kwa nini, akatupiga mwiko wa matako, mmoja mimi, mmoja Kitinda, na maswali yakaisha.

"Alikuja kwangu kabla ya kuja kwako," Kitinda aliendelea. "Alianza hivihivi. Sahani, maji, mwiko. Watu wakajaa. Halafu akaniomba kiganja. Nikakataa, ndiyo jioni ile ulipopita."

"Ukakataa, ndiyo maana umebaki na nzi."

"Dada."

"Sasa unataka nami nikatae, ili warudi kwako. Mimi si mtoto, Kitinda."

"Warudi, wasirudi, mimi nitaosha nguo za watu nile." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nakuomba kama mdogo wako. Mama yuko humu ndani."

Lile neno la mama ndilo lililoniharibu. Nilidhani sasa anamtaka na mama. Nilimfungia mlango usoni, nikasikia amesimama nje kwa muda, kisha hatua zake zikaenda.

Yule mwanamke alikuja mwanga ulipokuwa umebaki kidogo tu juu ya mabati. Ukumbi ulikuwa umejaa, wote kimya, vijiko vikigonga sahani. Alikaa kwenye kiti chake. Hakutaka sahani. Hakutaka maji.

Alinyoosha kidole kuelekea jikoni, kwenye sufuria ya mchuzi.

"Onja," alisema.

Nilikwenda, nikachota kwa upawa, nikadondoshea kiganjani. Alikuwa amenifuata. Alisimama nyuma yangu, kwenye jiko langu, mahali ambapo mteja hajawahi kukanyaga. Harufu ya majivu mabichi ilijaa hadi kooni.

"Usilambe," alininong'oneza. "Hiyo ni yangu."

Nilijua. Nisiseme kwamba sikujua. Mkono wa mama na mwiko wake vilinijia palepale, na sauti ya Kitinda, na upande wa pili wa ukuta nilimsikia mama akikohoa kitandani.

Lakini kupitia dirishani niliona taa ya Kitinda imewaka juu ya meza tupu, naye amekaa peke yake. Alikuwa mzuri hata akiwa na huzuni. Ana mkono wa mama yake. Nikasema moyoni, leo tutaona.

Nikageuka. Nikanyoosha kiganja.

Aliinama.

Ulimi wake ulikuwa baridi. Mkavu. Ulipita juu ya kiganja changu mara moja, taratibu, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye ncha za vidole, na ulikwaruza kama jiwe la kunolea kisu...

Sauti zote zikakatika. Vijiko, feni, mama aliyekuwa akikohoa. Kimya.

Kisha zikarudi.

Alijifuta mdomo kwa ukingo wa nguo yake. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake sawasawa, na ulikuwa uso wa kawaida tu, wa mwanamke aliyechoka, aliyelia sana zamani. Mashavu yalikuwa yameanza kupata rangi.

"Asante," alisema. "Nimeshiba."

"Wewe ni nani?" nilimuuliza.

Alitabasamu kidogo. Ilikuwa karibu huruma.

"Na mimi nilikuwa na jiko langu. Lilitazamana na la mwenzangu."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilitegea sikio nisikie hatua zake kwenye kokoto. Hazikusikika. Nilibaki nimeshika mkono wangu. Nikausogeza kwenye taa. Mistari ya kiganja haikuwepo. Hakuna hata mmoja. Ngozi ilikuwa laini, imesuguliwa, inang'aa kama mgongo wa kijiko.

Nilidondoshea mchuzi pale nikalamba. Nikaongeza chumvi, nikalamba tena. Nikachukua chumvi yenyewe, kavu, nikaitia mdomoni.

Mchanga tu.

Mambo ya kazi, kama unataka kujua, hayajawahi kuwa mazuri hivi. Watu wanajaa kuanzia asubuhi. Wengine wanakula wamesimama. Hakuna anayerudisha sahani, hakuna anayeuliza mfupa. Zamani nilikuwa nikiomba Mungu aninyamazishie wateja, sasa kuna wakati namwangalia fundi cherehani na kutamani aseme tu chai imepoa. Hasemi. Anakunywa, macho yametulia ukutani, anaomba nyingine. Subiri aliacha kazi. Aliaga kwa adabu, akasema amepata kibarua cha karibu na kwao, na alipotoka alipita mbali na kile kiti cha jikoni.

Hayo yote ningeyameza. Ni mama.

Asubuhi baada ya jioni ile nilimpelekea uji. Mama hupenda kushika mkono wa anayemletea, aupapase, ndipo apokee kikombe. Ndiyo salamu yake tangu alipopofuka. Nikaweka mkono wangu kwenye wake. Akaupapasa. Dole gumba lake likapita kwenye kiganja changu, likarudi, likapita tena, linatafuta.

Akauachia.

"Asante, mwanangu," alisema kwa upole, ule upole tunaowapa watu tusiowajua. "Mkubwa yuko wapi?"

"Ni mimi, mama."

"Sauti umeiiga vizuri." Akacheka kidogo. Mama anapenda utani. "Haya, kamwite sasa. Mwambie namngoja."

"Mama, ni mimi. Pilipili wako."

Kicheko kikaisha. Alivuta shuka hadi kidevuni. Alinusa hewa, pua yake ikacheza, na nikaona hofu ikimpanda usoni, mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akiogopa hata nyoka.

"Nani amemwaga maji jikoni?" aliuliza. "Jivu hili la wapi?"

Uji hakuunywa. Mchana wali hakuugusa. Alionja kijiko kimoja, akakitema kwenye kiganja chake, akakaa nacho hivyohivyo akiwa hajui akiweke wapi. Siku ya pili hakula pia. Nilimsihi, nikamkalia karibu, nikamwimbia nyimbo zake, nikamtajia siri za utotoni ambazo hakuna mwingine anayezijua. Alisikiliza zote kwa adabu. Kisha akauliza, "Mkubwa amekwenda mbali? Amekuambia atarudi lini?"

Kitinda ndiye aliyekuja kumchukua. Nani alimwita sijui. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akampa mama mkono wake, na mama akaupapasa akaanza kulia kama mtoto. "Kitinda. Kitinda, dada yako amepotea." Walitoka pamoja, polepole, mama ameegemea bega lake, na ile sahani ya bati yenye ukingo wa bluu Kitinda aliiacha mezani. Aliitazama tu, akaiacha.

Nilisimama mlangoni nikawaona wakivuka barabara. Nyuma yangu ukumbi ulikuwa umejaa watu wanaotafuna.

Naumia hadi leo, na najua unachotaka niseme. Kwamba nilikosea, kwamba nimejifunza. Mimi nasema hivi: mama alinichagua mimi. Alisema kwa Mkubwa. Kitinda alikuwa na mkono, alikuwa na wateja, alikuwa na uso mzuri, mimi nilikuwa na kitu kimoja, na sasa amekichukua hicho nacho. Kama kuna aliyeibiwa katika habari hii, simwoni mwingine.

Jioni ya jana chumvi iliisha. Sijui kwa nini bado nanunua. Mkono umezoea. Nilijitupia mtandio, nikatoka, jua limeshazama na taa bado hazijawaka, na wakati wa kurudi na chumvi yangu, nilipofika mbele ya mgahawa wa mdogo wangu, miguu ikasimama.

Kwa sababu nilisikia harufu.

Tangu jioni ile sijawahi kusikia harufu ya kitu chochote. Si kitunguu, si sabuni, si jasho langu mwenyewe. Na sasa, kutoka kwenye mlango wa Kitinda... nyama, nyanya zinazochemka, kitu kitamu cha mbali kilichonikumbusha mgongo wa mama nilipokuwa nimebebwa. Mate yalinijaa mdomoni.

Niliingia kumsalimia mama. Ndivyo nilivyojiambia. Ukumbini kulikuwa na mteja mmoja tu, anamaliza kula. Alinipisha, akalipa, akaondoka haraka kuliko inavyopasa. Nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni ili nimwone mdogo wangu vizuri.

Alikuwa amenipa ubavu. Alichota mchuzi kwa upawa, akadondoshea kiganjani, akasubiri upoe.

Harufu ilitoka pale. Si kwenye sufuria. Ilitoka kiganjani.

Akalamba, akageuka, akaniona. Upawa ukagonga ukingo wa sufuria.

"Dada," alisema. "Umeingia saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nipakulie."

Alinipakulia. Aliifuta sahani ukingo, kama nilivyomfundisha. Nilitia tonge mdomoni, nikatafuna. Nilitafuna sana. Nilisikia meno yangu yanavyosaga, makavu, na wala hapakuwa na ladha.

"Chumvi imezidi," nilisema.

Kitinda akachukua sahani, akaenda, akarudi na nyingine. Nikaonja.

"Chumvi haipo."

Nilitaka kucheka. Nilitaka kumwambia natania, mdogo wangu, mimi Pilipili, unanijua. Neno halikuja. Nilikuwa namwangalia mkono wake wa kulia. Aliufuata mtazamo wangu, halafu taratibu, akauingiza mkono ndani ya aproni.

"Dada," alininong'oneza, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Tafadhali usiniombe."

"Sijaomba kitu."

"Najua. Usiniombe."

Kutoka chumba cha ndani nilisikia kitanda kikilia. Mama alikuwa ameamka. Alikohoa, kisha akanyamaza, na nilijua kwamba ameinua kichwa, anavuta hewa.

"Kitinda," aliita. "Nani huyo amekaa mlangoni kwako? Nasikia majivu."

Kitinda aliniwekea kijiko mezani, akakisogeza mbele yangu kwa ncha ya kidole, akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa mlango wa chumba cha mama.

Nilikitumia kile kijiko. Sikutaka kumtisha, ni mdogo wangu. Lakini mkono ule aliupata kwa mama, na kwa mama mimi ndiye mkubwa, na sijawahi kupewa changu. Nililiwaza hilo njia nzima nikivuka barabara. Hatua zangu kwenye kokoto za uani kwangu sikuzisikia.

Chumvi niliyonunua ni kidogo. Nadhani itaisha leo, na jioni itabidi nitoke tena.